Ndege mbili zikipishana angani, nani anapima kimo?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilikuwa narudi Dar kutoka Dubai, nimekaa dirishani upande wa kushoto. Tukiwa juu kabisa, ndege nyingine ikapita chini yetu kama mshale, ikielekea tulikotoka, na rangi za mkia wake nikaziona. Haikuwa chini yetu moja kwa moja, ilikuwa pembeni kidogo upande wangu. Je, kuna rubani aliyekosea kimo au njia? Na akikosea, anaambiwa na nani: waongoza ndege au mashine? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichokiona kinaelekea kuwa cha kawaida kabisa, ingawa najua moyo ulikupasuka. Nimekaa kwenye kiti cha mwongoza ndege, huku chini ardhini, miaka mingi, na hata mimi nikisafiri kama abiria hushtuka.

Kati ya futi 29,000 na 41,000, ndege zinazopishana hutenganishwa kwa futi 1,000 kwenda juu. Hizo ni mita 305 hivi. Panga Boeing 777 ndefu nne, pua kwa mkia, pengo limejaa. Zamani zilikuwa futi 2,000, na anga letu la Afrika lilianza kutumia 1,000 Septemba 2008. Anayeelekea upande wa mashariki hupewa maelfu ya witiri, wa magharibi maelfu ya shufwa. Ninyi mlikuwa mnashuka kusini-magharibi, kwa hiyo tuseme mlikuwa 36,000 na mwenzenu 35,000. Kila mmoja akienda kilomita 900 kwa saa, mnakaribiana kwa mita 500 kila sekunde. Ndiyo maana ulimwona kama mshale.

Sasa jambo ambalo abiria wengi hawalijui: hiyo 36,000 si kimo halisi kutoka baharini. Altimita haioni ardhi wala maji. Inapima mgandamizo wa hewa, kisha inaugeuza kuwa futi. Ndege ikishapanda vya kutosha, rubani huweka 1013 hektopaskali kwenye altimita, hata kama hewa ya siku hiyo inasema vingine. Wote wanaweza kuwa wamekosea kwa futi mia kadhaa, lakini wamekosea pamoja, na pengo kati yao linabaki. Hatari ni yule anayekosea peke yake. Akisahau kubadilisha na altimita ikabaki 1003, hektopaskali moja ni kama futi 28, tayari ametoka kwenye kimo chake kwa futi 280 huku altimita yake ikimwonyesha yuko sawasawa. Tofauti ikifika futi 300 huandikwa ripoti, hata kama hakukuwa na ndege nyingine karibu.

Lakini ukiniuliza mimi, adui mkubwa ni sikio. Tunamwambia rubani kimo, yeye anakirudia, sisi tunasikiliza kama amekirudia sawa. Mwaka 1989 karibu na Kuala Lumpur, Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa kwa Kiingereza ishuke futi 2,400, tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. Sasa kwa Kiingereza "mbili" na "hadi" hutamkwa sawa. Rubani akasikia "hadi nne, sifuri, sifuri", akarudia 400, na hakuna aliyemsahihisha. Waligonga kilima, wakafa wote wanne. Mimi mwenyewe niliwahi kumkubalia rubani kimo nisichompa, kwa sababu sikio lilisikia lilichotarajia kusikia. Mwenzangu wa kiti cha pili ndiye aliyenigonga bega. Siku hiyo chai haikupita kooni.

Ajali mbaya kuliko zote za ndege kugongana angani ilitokana na kutoka kwenye kimo. Ni Charkhi Dadri, magharibi ya Delhi, India, 12 Novemba 1996. Boeing 747 ya Saudia ilikuwa inapaa, imeruhusiwa hadi futi 14,000. Ilyushin ya Kazakhstan ilikuwa inashuka, imeruhusiwa hadi 15,000. Ile Ilyushin ikapitiliza. Watu 349 walikufa. Rada ya Delhi wakati huo ilimwonyesha mwongozaji ndege iko wapi, haikumwonyesha iko kimo gani. Alitegemea maneno ya marubani tu. Njia ya kuingia na ya kutoka ilikuwa moja. Na mfumo wa kuonyana kati ya ndege na ndege haukuwepo kwenye ile Ilyushin. Baada ya hapo India ikaufanya wa lazima.

Mfumo huo ndio TCAS, na hapo nafika kwenye swali lako la mwisho. Transponda ya kila ndege, yaani redio inayojitangaza yenyewe, inatoa kimo chake, TCAS ya mwenzake inakisoma na kupiga hesabu. Kwanza inatahadharisha. Hatari ikizidi, mashine mbili zinakubaliana zenyewe: moja inaamuru panda, nyingine shuka. Hazisemi kata kushoto au kulia.

Rubani akisikia amri hiyo huku mimi namwambia kinyume, anaitii mashine. Zamani jambo hili halikuwa limekazwa, na gharama yake ilionekana usiku wa 1 Julai 2002 juu ya Überlingen, Ujerumani. Tupolev ya Urusi na Boeing 757 ya DHL zilikuwa zote futi 36,000, njia zao zikikatana. Mwongozaji, aliyekuwa peke yake kwenye meza mbili na simu kuu zikiwa kwenye matengenezo, alichelewa kuona, akaiambia Tupolev ishuke. TCAS yake ikasema panda. Ya Boeing ikasema shuka. Tupolev ikamsikiliza binadamu, zikashuka zote mbili. Walikufa watu 71, wengi wao watoto. Leo rubani akitutangazia kwamba anafuata TCAS, sisi tunajibu tumesikia, basi. Hatumpi kimo kingine mpaka aseme amemaliza. Kwa mtu aliyezoea kutoa amri, kunyamaza kwa sekunde hizo ni kazi ngumu kuliko kusema.

Limebaki lile la pembeni. Setilaiti zimefanya ndege zifuate mstari wa njia kwa usahihi mno, kiasi kwamba mmoja akikosea kimo hakuna tena bahati ya kupishana. Brazili, Septemba 2006, Boeing 737 ya Gol na ndege ndogo ya Legacy zilikutana uso kwa uso kwenye njia ileile, zote futi 37,000, na transponda ya Legacy ilikuwa haitoi kitu. Watu wote 154 wa Gol walikufa. Kwa hiyo juu ya bahari na sehemu za mbali, panaporuhusiwa, rubani husogea kwa makusudi kulia kwa mstari, maili moja au mbili. Ninyi mkisogea kulia kwenu na yeye kulia kwake, atapita kushoto kwenu, dirishani pako.