Kwa mnaoanza na picha za madubwana ya baharini ya miaka ya sabini

Mwaka huu vijana watatu wamenifuata wakitaka kutengeneza picha, yaani filamu, ya kutisha ya baharini kwa pesa ya mfukoni. Wote niliwapa kazi moja ya nyumbani: wakatazame madubwana ya bei rahisi yaliyotoka Marekani na Italia miaka ya 1970, halafu warudi tuzungumze. Wawili walirudi wakilalamika kwamba pweza ni wa mpira na papa haonekani. Wa tatu alirudi na daftari lenye dakika na sekunde: pezi linatokea lini, sauti ya kwanza inasikika lini, maji yanabadilika rangi wapi. Nawaandikia wale wawili, na wengine wote wanaoanza kama wao.

Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ni kukata na kuunga, na mwaka huu natimiza miaka 18 nikiifanya. Picha hizi nilizijulia kwenye kibanda umiza, kwenye kanda za VHS zilizokwisha kuchoka. Nyingine hazikunitisha hata kidogo, lakini nilizipenda kwa sababu nilikuwa naona mahali zilipoungwa. Picha ya pesa nyingi huficha mshono wake. Ya pesa kidogo huuacha nje, na anayejifunza cherehani hana budi kuona mshono.

Mama yao wote ni Jaws ya Steven Spielberg, picha ya papa mla watu iliyotoka Juni 1975, nayo haikuwa ya bei rahisi. Bajeti ilikadiriwa kama dola milioni 4 ikaishia milioni 9. Siku za kushuti zilipangwa 55 zikafika 159. Walikuwa na papa watatu wa mashine, na maji ya chumvi ya Martha's Vineyard, kisiwa cha Marekani walikoshutia, yaliwala papa wale mpaka wakawa wanaharibika kila mara. Ndiyo maana papa anachelewa sana kuonekana. Badala yake unaona mapipa ya manjano, aliyofungiwa papa, yakikimbia juu ya maji, unasikia muziki wa John Williams, na mwanzoni kabisa unamwona msichana akiyumbishwa huku na huku bila papa yeyote. Aliyekuwa akimyumbisha ni watu wa ufukweni waliovuta kamba alizofungwa. Rudieni tukio hilo mara kumi. Lilihitaji kamba, na watu wanaojua kuvuta kwa wakati.

Lakini tukio ninalotaka mlijue kwa moyo ni lile la kichwa cha mvuvi kinachotokeza kwenye tundu la boti usiku. Picha ilikuwa imeshakwisha, na studio haikutaka kutoa hela zaidi. Spielberg akatoa dola 3,000 zake mwenyewe, wakaenda kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwa Verna Fields, mhariri wake, wakalifunika, wakamwaga maziwa ya unga ili maji yawe na ukungu kama wa bahari. Watu walipiga kelele ukumbi mzima kwa tukio lililoshutiwa kwenye bwawa la nyumbani. Fields alipata Oscar ya uhariri kwa picha hiyo.

Maziwa ya unga yale yana elimu kubwa. Maji maangavu humwonyesha mtazamaji mpira, gundi na waya; maji yenye ukungu humwachia kivuli, na kivuli atakimalizia mwenyewe kichwani. Kama mahali pako pa kushuti maji ni ya buluu na yanaonyesha mpaka mchangani, huo ni uzuri wa kadi ya posta, nawe una kazi ya kuyavuruga.

Nilijifunza hili kwa gharama. Kazi yangu ya kwanza ya baharini ilikuwa filamu fupi, pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam. Tulikuwa na mkono mmoja wa pweza, urefu mita tatu, umetengenezwa kwa sponji ya godoro na kuvishwa tyubu za baiskeli zilizopasuliwa. Ukiwa mkavu aliubeba kijana mmoja begani. Ulipokaa majini dakika kumi, wanaume wanne walishindwa kuunyanyua. Sponji ya godoro hunywa maji, na kila lita moja ya maji ni kilo moja. Tukauburuta mchangani, ukachanika kwenye mshono, na mchana wote ukapotea kwa kuukamua.

Tena zilikuwa siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, na hakuna aliyekuwa amewauliza wavuvi. Tulianza saa nne asubuhi maji yamekupwa, mwamba wote uko nje. Ilipofika saa tisa mwamba umefunikwa na mtumbwi unaelea pale tulipokuwa tumesimama. Niliporudi mezani kukata, mazungumzo ya watu wawili yalikuwa hayaungiki: mmoja anauliza akiwa na mchanga mtupu nyuma yake, mwenzake anajibu akiwa na bahari kifuani. Nikaitoa sehemu nzima.

Kwa hiyo, wadogo zangu, panga kushuti siku za maji mafu, maji yasipopanda wala kushuka sana. Muulize mvuvi, hatakulipisha. Na mwili wa dubwana tumia povu la kandambili, lile gumu lenye vishimo vilivyojifunga, halinywi maji. Likielea sana, lifungie mawe kwa ndani.

Sasa tuje kwa watoto wa Jaws. Aliyenifundisha kuliko wote ni Piranha ya mwaka 1978, picha ya samaki wadogo wala watu. Kampuni ilikuwa New World Pictures ya Roger Corman, mwongozaji Joe Dante, mwandishi John Sayles, na gharama haikufika dola milioni 1. Mambo mengi yalishutiwa Texas, kwenye maji yasiyo ya chumvi. Samaki wao walikuwa vikaragosi vya mpira juu ya vijiti, na mtu yuko pembeni, kamera isikomwona, anavitikisa. Kamera ilichukua fremu, yaani picha moja moja, chache kwa sekunde kuliko 24 za kawaida, ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida samaki waonekane wanauma kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi. Kisha ukaja mkasi: meno, mguu, mapovu, damu, uso, meno. Hakuna shoti, yaani kipande kimoja kabla ya mkato, inayokaa muda wa kukutosha kumkagua samaki. Juu yake wameweka sauti, kama mashine ndogo inayosaga kitu kigumu, na baada ya dakika 30 sauti hiyo peke yake inatosha.

Hapa nawapa zoezi. Chukua tukio la Piranha ambapo samaki wanaivamia kambi ya watoto. Litazame mara ya kwanza bila sauti. Mara ya pili geuka uangalie ukuta, usikilize tu. Mara ya tatu hesabu shoti kwa kugonga meza kila inapokatwa. Utagundua kwamba kazi imegawanywa: jicho linapewa kidogo, sikio linapewa zaidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya zoezi hili kila Jumapili.

Na angalieni hadithi yenyewe inavyotembea. Ugonjwa mkubwa wa picha za majini ni swali la mtazamaji: kwa nini wasitoke tu majini? Sayles alilijibu kwa mto. Samaki waliofugwa na jeshi kwa ajili ya vita vya Vietnam wanaachiwa juu. Chini kuna kambi ya watoto, chini zaidi kuna eneo jipya la starehe. Na wanaojua hatari wanashuka kwa chelezo wakikimbizana na mkondo. Maji yenyewe ndiyo yanayoisukuma hadithi. Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, jibu swali hilo kwenye karatasi yako. Ukishindwa, bora uandike hadithi ya nchi kavu.

Someni pia majina ya mwishoni. Phil Tippett, Rob Bottin na Chris Walas walishughulikia samaki wale. Kila mmoja baadaye akawa fundi mkubwa wa Hollywood. Mark Goldblatt, aliyekata pamoja na Dante, ndiye aliyekuja kukata The Terminator. Sayles mwenyewe pesa za uandishi wa namna hii alizitia kwenye filamu zake. Hakuna kati yao aliyeidharau kazi kwa sababu ilikuwa ya samaki wa mpira, na ukitazama kwa makini unaiona heshima hiyo kwenye kila shoti.

Tentacles, ya mwaka 1977, ni somo la upande wa pili. Ni picha ya pweza mkubwa, kazi ya Ovidio Assonitis wa Italia, yenye waigizaji mashuhuri John Huston, Shelley Winters na Henry Fonda. Ukiitazama utaona pesa zilikokwenda: kwenye majina. Pweza mwenyewe mara nyingi ni pweza hai akiwa na boti za kuchezea. Kwa sisi watu wa pwani hilo lina ladha yake, maana aliyewahi kumshika pweza anajua ngozi ile inavyobadilika rangi na vile vikombe vya mikono vinavyong'ang'ania ngozi ya mtu. Shoti za karibu za mnyama yule zinasisimua kweli, mpaka boti itokee. Boti ikitokea tu, kila kitu kinaanguka, kwa sababu tone la maji halikubali kupunguzwa. Unaweza kutengeneza boti ya sentimita 30 yenye madirisha na bendera, lakini tone litakaloirukia litakuwa na ukubwa uleule wa tone linaloruka kwenye beseni lako, na wimbi litavunjika kwa haraka ileile. Jicho la mtu limeyaona maji tangu utotoni, huwezi kulidanganya. Dawa ni kushuti kwa fremu nyingi ili maji yaende polepole yakionyeshwa, na simu nyingi za siku hizi zina uwezo huo. Halafu weka kamera chini, karibu sawa na uso wa maji. Ukishuti kutoka juu umeonyesha beseni.

Octaman na Zaat, zote za 1971, nitazipitia haraka. Ya kwanza ni ya mtu-pweza, na vazi lake lilitengenezwa na Rick Baker akiwa kijana wa miaka 20 hivi, yule aliyekuja kupata Oscar saba za sanaa ya sura bandia. Kazi ya kijana ilikuwa nzuri kwa hela aliyopewa. Kosa ni kulisimamisha vazi lake mbele ya kamera muda mrefu, kwenye mwanga, bila kulisaidia. Zaat ilitengenezwa na Don Barton huko Florida kwa kama dola 75,000: mwanasayansi anajigeuza kuwa kambare anayetembea. Watu wa Florida walikuwa na sababu ya kulifikiria hilo, maana kambare wa Asia wanaojiburuta nchi kavu walikuwa wameanza kuenea kwao miaka ya 1960, na ni jamaa wa karibu wa kambare wetu. Nampenda Barton kwa hilo. Alitafuta hofu iliyokuwa tayari kwenye mitaro ya watu wake. Picha yenyewe inachosha, sitawaficha.

Humanoids from the Deep nataka mwitazame mkiwa watu wazima, na mkijua kilichotokea. Ilitoka 1980 lakini ni ya ukoo huuhuu. Mwongozaji alikuwa Barbara Peeters. Baada ya yeye kumaliza, New World ilimpa mtu mwingine ashuti matukio zaidi ya kudhalilisha wanawake, yakaingizwa bila ridhaa yake. Aliomba jina lake litolewe, akakataliwa. Madubwana ya Rob Bottin ni mazuri, muziki wa James Horner ni mzuri, na bado kila ninapofika kwenye shoti zile naziona zilivyobandikwa: mwanga mwingine, mwendo mwingine, watu wasiohusika na hadithi. Nimekaa kwenye kiti hicho. Mtayarishaji mmoja aliwahi kunileta shoti za namna hiyo saa mbili za usiku, mwongozaji akiwa amesafiri, akaniambia niziingize kabla hajarudi. Nilimpigia simu mwongozaji. Kazi ile niliipoteza. Andikeni kwenye mkataba, mapema, ni nani mwenye neno la mwisho juu ya mkato wa mwisho, na wote wawili mweke sahihi.

Ndugu ya udhalimu huo ni uongo wa matangazo. Sergio Martino alitengeneza Italia mwaka 1979 picha ya kisiwa cha watu-samaki. Ilipofika Marekani 1981 ikaitwa Screamers, na bango likaahidi watu waliogeuzwa ndani nje wakiwa hai. Kwenye picha hakukuwa na mtu wa hivyo. Watazamaji walidai walichoahidiwa, na walikuwa na haki. Mtu aliyelipa kiingilio amekupa kitu chake halali.

Nimalizie na vazi la dubwana. Mpira ukijaa maji huwa mzito kuliko mvaaji, na kinyago humziba asisikike anapoita. Kabla ya kamera yoyote kuwashwa, mvalishe, mwingize maji ya kiunoni, na uhesabu sekunde anazotumia kulivua peke yake. Zikizidi kumi, rudi kwa fundi. Awepo mwogeleaji mmoja asiye na kazi nyingine yoyote siku hiyo zaidi ya kumtazama mvaaji, mwenye kisu kiunoni.

Yule kijana wa tatu atashuti mwezi ujao, siku za maji mafu, kwenye mkono wa bahari wenye tope la mikoko. Kandambili kuukuu tumeshakusanya jozi 60.