Kuandika kwa nyusi

Pole sana dada kwa ajali ya kaka yako. Umesema mikono haisogei, maneno hayatoki vizuri, ila uso uko sawa. Basi usikimbilie kununua mashine ya kumsaidia kuandika; simu inaweza kumtosha. Kama simu yake ni Android 12 au zaidi, ingia Mipangilio, sehemu ya ufikivu, washa kutumia swichi (njia ya kuendesha simu bila kugusa kioo), kisha chagua kamera iwe ndiyo swichi, yaani imwangalie usoni. Kifremu cha rangi kitapita juu ya herufi. Kikifika anapotaka, anainua nyusi. Ni polepole kweli: siku ya kwanza, "habari" tu, chai itapoa. Washa na ubashiri wa maneno, simu impendekezee neno kabla hajalimaliza. Simu ifungwe kwenye stendi usawa wa macho, na mwanga umpige usoni, si kisogoni.