Granada na mama: anza na tiketi ya Alhambra

Dada, kwa siku mbili Granada, Hispania, ukiwa na mama anayesumbuliwa na magoti, shughulikia kwanza tiketi ya Alhambra (ngome ya kale ya wafalme Waislamu, juu ya kilima). Inunue mtandaoni mapema, kwani huisha, hasa majira ya joto. Huandikwa jina la mgeni, kwa hiyo wekeni pasipoti karibu. Makasri ya Wanasri, ukoo wa wafalme hao, yamo humo ndani na yana saa yake ya kuingia, ukichelewa, hupati. Toka langoni hadi hapo ni mwendo, kwa mama tengeni nusu saa nzima. Msipande kilima kwa miguu: basi dogo C30 linafika juu.

Ndani, msikimbilie picha. “Wa la ghaliba illa Allah” (hakuna mshindi ila Allah) imechongwa kwenye plasta ya kuta tena na tena, na mama aliyesoma chuo ataifuatisha mwenyewe kwa kidole hewani (kugusa hairuhusiwi). Kwangu mimi hapo panazidi bustani zote.

Jioni nendeni Albaicín, mtaa wa kale, kwa basi dogo C31. Watu hujazana uwanja wa San Nicolás kuitazama Alhambra. Jirani kuna msikiti uliofunguliwa 2003, na bustani yake inaitazama Alhambra vilevile. Vichochoro ni vya kokoto, mama avae raba. Na vitafunio vya bure vinavyoletwa na kinywaji, ulizeni nyama gani kabla ya kuonja.