Tangi Lisilo na Tako

Juzi kijana wa kidato cha pili kaniandikia: "Shikamoo fundi. Kanuni ya eneo la mcheduara naikariri jioni, asubuhi imeshapotea. Nifanyeje, na mimi nataka karakana yangu?"

Marahaba mdogo wangu. Kukariri acha, mcheduara ni umbo la kopo au tangi tu. Ila ngoja kwanza nikusimulie, maana siku hizi watu wakiona matangi yangu mtaani hudhani nilizaliwa najua.

Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa tangi la chuma la maji, kipenyo mita 1.4, kimo mita 2.1. Mbele ya mteja nikachutama, nikapiga hesabu kwa chaki sakafuni: pai, yaani 22/7, mara kipenyo 1.4 ni mzingo 4.4, mara kimo 2.1, nikapata mita za mraba 9.24. Shiti ya futi nne kwa nane ina kama 2.98, kwa hiyo shiti nne zinatosha na kusaza. Nikataja bei kwa madaha, nikapokea advansi, nikaila.

Siku ya tatu ubavu ulikuwa tayari, umeroliwa, umechomelewa, umelazwa chini unang'aa. Mteja akaja, akainama kuchungulia ndani. Akaniona mimi upande wa pili.

"Fundi, maji yatakaa wapi?"

Nilikuwa nimesahau tako. Na mfuniko. Duara mbili, kila moja 22/7 mara 0.7 mara 0.7, yaani 1.54, zote mbili 3.08. Kwa karatasi ni shiti moja na kipande kidogo tu. Lakini shiti ina upana wa mita 1.22 na duara langu ni 1.4, halikai! Ikabidi kuungaunga, nikanunua shiti mbili kwa hela ya kodi ya chumba. Bosi wangu wa zamani alizipata habari, na mpaka leo tukikutana ananiita "Profesa wa Bomba". Watu wanacheka. Mimi sijawahi kucheka.

Sasa wewe chukua kopo la maziwa ya unga, ichane karatasi yake kwa wima, itandaze mezani. Umeona? Ni mstatili. Urefu wake ni mzingo wa kopo, upana wake ni kimo. Ongeza duara la chini na la juu, umemaliza, kanuni ndiyo hiyo hiyo. Hata ukuta wa nyumba wenye ncha juu ni mstatili umebebeshwa pembetatu. Toa mlango na dirisha ndipo ununue rangi.

Vijana mnapenda cheche na kupigwa picha na grainda, kalamu hamtaki kushika. Chora! Chora kila uso wa kitu unachotengeneza, uandike namba ndani yake, kisha uhesabu nyuso ni ngapi. Mimi nachora mpaka leo, na wateja wananisubiri nichore.

Ukimaliza kopo, rudia tangi langu lile lile, ila lisiwe na mfuniko. Ukipata 10.78, niandikie tena.