Plateau alichunguzaje viputo bila kuona?

Ndugu, umeuliza iliwezekanaje Joseph Plateau, kipofu, agundue kanuni za viputo vya sabuni, na kama ni kweli jua ndilo lililompofusha.

Plateau alizaliwa Brussels mwaka 1801, akawa profesa wa fizikia Chuo Kikuu cha Ghent. Mwaka 1832, akiwa bado anaona, alibuni kisahani chenye michoro: ukikizungusha mbele ya kioo, michoro inaonekana kutembea. Sinema inadaiwa mengi na kisahani hicho. Kufikia 1843 alikuwa haoni kabisa.

Kazi yake iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuja baadaye. Jaribio alilipanga yeye akilini. Wasaidizi, wakiwemo mwanawe Félix na mkwewe Gustave Van der Mensbrugghe, walichovya fremu za waya katika maji ya sabuni yenye gliserini, kisha wakamweleza walichokiona. Kutoka kwenye maelezo hayo alitambua kwamba tando za sabuni hukutana tatu tatu, kwa pembe ya nyuzi 120. Nne hazikai pamoja kwenye ukingo mmoja. Alichapisha yote mwaka 1873. Uthibitisho wa kihisabati ulitolewa na Jean Taylor mwaka 1976!

Kuhusu jua: kweli mwaka 1829 alilikodolea macho kwa sekunde 25 hivi katika jaribio. Lakini wataalamu waliochunguza historia yake wanaona chanzo ni uvimbe sugu ndani ya macho. Tafadhali tusimsimulie kama mtu aliyejipofusha kwa uzembe.