Ushauri kwa mnaoanza gemu za kupigana za 2D: batani chache zisikudanganye

Wageni wote swali lao moja, ipi rahisi? Na jibu mnalopewa kila siku ni chukua yenye batani chache. Mimi nililifuata hilo jibu nikaangukia King of Fighters XV, batani nne tu, nikajua nimelamba dume. Weee. Batani nne kweli, ila kuruka kwenyewe kuna aina nne, na unabeba timu ya watu watatu ambao wote inabidi uwajue. Mtu wa kwanza kukutana naye onlaini hakunifanyia kombo lolote (mapigo yanayofuatana) la maana, alikuwa na kale karuko kafupi tu, anaruka anashuka na teke, anaruka tena, nikija kushtuka nishabanwa kwenye kona. Vidole vyangu vilikuwa vizima, macho ndio yalikuwa yanachelewa.

Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize kwanza nini kitakushinda. Kama ni vidole, yaani lile duara la kuzungusha mshale toka chini kwenda mbele ili pigo maalum litoke, unalipata mara moja kati ya tano, basi Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ina kontroli za Modern, zinazotoa mapigo maalum kwa njia ya mkato bila lile duara, na usione aibu kuzitumia. Mfano ukicheza na Ryu, mtu akikurukia unabonyeza mbele na batani moja, Shoryuken, ile ngumi yake ya kupaa juu, hiyo inatoka. Bei yake ni kwamba pigo la njia ya mkato linapungua damage asilimia 20, na baadhi ya ngumi na mateke ya kawaida huyapati kabisa. Lakini kuamua kwamba huyu sasa anaruka, hiyo gemu haikusaidii. Mruko wa Street Fighter unachukua kama robo tatu ya sekunde, unaonekana muda mrefu tu ukilinganisha na King of Fighters, na bado wiki ya kwanza utapigwa nao kwa sababu macho yako yanamwangalia mtu wako badala ya mpinzani. Nenda sehemu ya mazoezi, mrekodi yule mdoli (mpinzani wa mazoezi) mara anaruka mara anarusha mpira wa moto, mwache achanganye mwenyewe, dakika kumi kila siku kabla ya mechi. Hilo zoezi limenisaidia kuliko kombo zote nilizokariri.

Granblue Fantasy Versus: Rising nayo ina njia za mkato kwa kila mtu, na kuna toleo la bure, jaribu hilo kabla hujatoa hela. Mwendo wake wa taratibu, unapata muda wa kufikiri. Guilty Gear Strive ya 2021 ni kinyume, imerahisishwa kuliko ndugu zake wa zamani lakini makosa matatu tu damu yote imeondoka, na wengi wanakata tamaa hapo kabla hata hawajagusa zile mission zake (mazoezi mafupi) ambazo kwa kweli zinafundisha vizuri. Mortal Kombat maduara hayana kazi sana, ila kujikinga ni batani yake, kwingine unavuta nyuma, ukihama katikati vidole vinagoma.

Halafu kuna urahisi ambao watu hawauongelei kabisa, wa sauti. Street Fighter 6 kwenye seting ina milio ya kukuambia mpinzani yuko mbali kiasi gani, wasioona wanaicheza hivyo. Hata kama unaona, iwashe siku moja, mimi ndio niligundua hapo kwamba nasimama mbali mno kila mechi.

King of Fighters nilirudi baada ya mwaka. Karuko kafupi bado kananisumbua, ila siku hizi kati ya kumi nadaka tatu.