Uliza Fundi: Usiichomeke Kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Babu ametuachia televisheni ya kichogo, ya rangi, ya valvu (zile chupa ndogo za kioo zilizomo ndani yake), iliyo ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili. Imekaa stoo zaidi ya miaka 30 imefunikwa shuka. Mjomba anataka tuichomeke tuone kama bado ni nzima. Mimi nikaona nikuulize kwanza. Tuanzie wapi?
Mjukuu wa mwenye TV

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwambie mjomba nimemwomba aiache kama ilivyo. TV nyingi za umri huo hazikuuawa na stoo, ziliuawa siku ya kwanza zilipotolewa stoo na kuchomekwa.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilipokuwa bado najifunza kazi, mteja alileta TV ya rangi ya miaka ya sitini, safi, haina hata mkwaruzo. Mwalimu wangu alikuwa ametoka, nami nikaichomeka. Ikanguruma kama mzinga wa nyuki, nikafurahi kusikia sauti. Dakika mbili baadaye nikaona nta inachuruzika kutoka kwenye flaibaki, ile transfoma inayotengeneza umeme mkubwa wa tyubu ya picha, tone moja moja, ikiangukia chesisi, yaani fremu ya chuma ya ndani, yenye joto na kufuka moshi mweupe. Nilichomoa, lakini nilikuwa nimechelewa. Mwenye TV aliibeba akaondoka bila kuniambia neno, na harufu ile ya nta naikumbuka hadi leo.

Kilichoiunguza ni kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Yale makopo ya alumini, yaani kapasita za elektrolitiki, yana utando mwembamba wa oksidi ndani yake, na utando huo huimarishwa na umeme wenyewe. Zikikaa miaka bila umeme utando hudhoofika na majimaji hukauka. Ukizipa volti zote kwa mpigo, zinapiga shoti. Zile ndogo za karatasi na nta nazo huvuja. Ikivuja ile inayopeleka mawimbi kwenye gridi, yaani breki, ya valvu kubwa ya mlalo inayoendesha flaibaki, valvu inavuta mkondo bila breki, na flaibaki ndiyo inayoungua.

Lakini usikimbilie kununua kapasita. Anza na tyubu ya picha, kwa sababu tyubu ndiyo TV. Valvu, rezista na kapasita zinapatikana mpaka sasa, na hata flaibaki fundi mvumilivu anaweza kuisuka upya. Tyubu ya rangi huwezi kuisuka, na viwanda vilivyokuwa vikizikarabati vimefungwa karibu vyote.

Kabla ya kugusa chochote, jua kwamba tyubu ya rangi hufanya kazi kwa volti 20,000 hadi 25,000, na inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya TV kuchomolewa. Chukua bisibisi ndefu yenye mpini imara wa plastiki, uifunge waya wenye klipu kwenye chuma chake. Klipu uibane kwenye ule waya uliosukwa unaopita mgongoni mwa tyubu, halafu ingiza ncha ya bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa kwenye tyubu, unapoingia waya wa umeme mkubwa. Mkono mwingine uwe mfukoni. Ukisikia "tap!" usidhani umemaliza, rudia baada ya dakika chache maana chaji hujirudisha.

Sasa tazama shingo ya tyubu kwa tochi. Ukikuta doa la fedha linalong'aa, hewa haijaingia. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na tyubu imekufa, hapo unaweza kuokoa pesa zako. Ukikuta tyubu ni nzima, pima kwa mita pini mbili za hita, ule uzi unaoipasha moto tyubu: zisome omu chache tu. Uvae miwani ya kazi na uwe mpole, shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote.

Tyubu ikiwa nzima, badilisha kapasita moja baada ya nyingine. Usitoe kumi kwa pamoja ukaamini kumbukumbu yako. Piga picha, angalia chanya na hasi, na volti za kapasita mpya zisipungue zile za zamani. Ukimaliza, washa kwa variaki, ile transfoma ya kuzungusha, ukipandisha volti polepole huku jicho likiwa kwenye mita ya mkondo. Kumbuka pia kwamba TV nyingi za zamani hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani, chesisi yenyewe inaweza kuwa na umeme. Hapo transfoma ya kutenga si anasa. Ikiwa variaki yako haitengi, na nyingi hazitengi, unahitaji zote mbili.

Jambo moja zaidi, na hili sitanii nalo. Kasha la chuma linalofunika sehemu ya umeme mkubwa lirudishe mahali pake kila mara, wala usipandishe umeme huo kupita ulioandikwa kwenye mchoro wa TV. Valvu zilizomo humo zinaweza kutoa miale ya eksirei. Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya elektroniki mwaka 1968, baada ya kuonekana kwamba kuna TV za rangi zilizokuwa zikivujisha.

Siku utakapoona uzi wa rangi ya machungwa unawaka taratibu kooni mwa tyubu, kaa hapo uutazame. Uzi ukitulia bila kupepesa, ndipo upandishe volti tena.

SWALI: Fundi, TV yangu ina doa la kijani kwenye kona, na nyuso za watu wakipita hapo zinageuka zambarau. Je, tyubu imechoka?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Sidhani. Spika kubwa iko karibu? Nyuma ya kioo kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu madogo sana, malaki kwa malaki, na miale mitatu ya elektroni hupita humo, kila mmoja ukiangukia fosfori, yaani unga unaong'aa, ya rangi yake. Bamba likishika sumaku, mwale wa nyekundu unapotea njia na kuangukia kijani.

Ondoa spika kwanza. TV nyingi zina koili yake ya kufuta sumaku inayofanya kazi wakati wa kuwasha, basi izime nusu saa ipoe, uwashe tena. Doa likibaki, tafuta koili ya mkono, ile pete kubwa ya waya. Iwashe ukiwa mbali, isogeze mbele ya kioo, izungushe taratibu, kisha rudi nyuma ukiendelea kuzungusha mpaka uwe umbali wa mita mbili, ndipo uizime. Kuna kijana aliyeizima akiwa bado mbele ya kioo. Doa moja likawa upinde wa mvua mzima, ikabidi aanze upya.

Usianze kuchezea sumaku za shingoni kabla ya kufanya hayo. Na ukizigusa, TV iwe imewaka angalau nusu saa, kwa sababu bamba hutanuka likipata joto na rangi zinahama.

SWALI: Nimeunganisha mashine ya zamani ya michezo kwenye TV ya mwaka 1974. Picha ni nzuri, lakini haina rangi hata kidogo. Sauti ipo.

JIBU: Angalia kwanza mfumo wa rangi; PAL na NTSC ni mifumo miwili tofauti. Kama TV ni ya PAL na mashine ni ya NTSC, kristali ya TV, kile kipande kinachoshika masafa ya rangi, inasubiri rangi kwenye megahetsi 4.43, wakati mashine inaipeleka kwenye 3.58. TV haioni rangi inayoijua, inaifunga kabisa ili isikuletee chenga za rangi. Hiyo si hitilafu. Mfumo ukiwa sawa na rangi bado haipo, ndipo uishuku kristali.

PAL ninaipenda, sifichi. Mhandisi Walter Bruch aliibuni akiwa kampuni ya Telefunken, na tarehe 25 Agosti 1967 Willy Brandt, waziri wa mambo ya nje wakati huo, alibonyeza kitufe chekundu huko Berlin kuzindua rangi Ujerumani Magharibi. Rangi ilikuja sekunde chache kabla hajakibonyeza.

SWALI: Kioo cha TV yangu kina ukungu pembezoni. Nimefuta kwa kila dawa, hautoki.

JIBU: Hautatoka kwa kufuta, mdogo wangu, kwa sababu hauko juu ya kioo. TV nyingi za miaka ile zina kioo cha usalama kilichogundishwa mbele ya tyubu, na gundi iliyo katikati ndiyo inayooza kuanzia pembeni. Mafundi huuita mtoto wa jicho. Kuuondoa kunataka kukitenga kioo kwa joto la polepole sana, mbele ya tyubu isiyo na hewa ndani. Joto likizidi upande mmoja, glasi inapasuka. Kama ukungu haujafika kwenye picha yenyewe, uache. Ukiwa umefika, tafuta aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, ukae pembeni yake uone mikono yake inavyokwenda kabla ya kujaribu kwenye ya kwako.